Sura Kumi na Mbili, Pazia Moja

Mpendwa Dada,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta salama wewe na watoto, na kwamba kikohozi kimemwacha yule mdogo. Mimi mwili ni mzima. Kuhusu moyo, soma hadi mwisho. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yako hushikwa na wengine. Uisome ukiwa peke yako.

Uliwahi kuniuliza ni benki gani hiyo isiyo na mlango wala karani dirishani. Yetu iko ndani ya simu tu. Wateja wako nchi thelathini. Sisi tuko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo, watu kumi na wawili macho kwenye skrini. Anayetaka akaunti hupiga picha ya pasipoti, kisha hukaa mbele ya kamera. Maandishi humwambia ageuke kushoto, kulia, asome tarakimu sita kwa sauti. Sisi tunamwona, yeye hatuoni. Nikiridhika, nabonyeza Kubali.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke aliyejitambulisha kuwa muuguzi. Nyuma yake palikuwa na pazia la kijani lililochanika, likashonwa kwa uzi mweupe. Siku mbili baadaye akaja mzee mwenye pasipoti ya bara jingine kabisa. Pazia lile lile! Nikaanza kuandika daftarini. Zikafika sura kumi na moja, na wote walitupa jicho pembeni kabla ya kusoma, kana kwamba kuna mtu anawasimamia.

Nilimweleza msimamizi wetu, tunayemwita Mama Haraka. Akacheka, akasema kazi yangu ni kukagua sura, si mapazia. Kesho yake daftari halikuwepo mezani. Tangu hapo namshuku kila mtu: fundi wa kompyuta anayesimama nyuma yangu bila shughuli, hata jirani yangu wa kiti, ambaye ghafla ameanza kuniletea chai.

Dada, sasa kaa chini. Jumanne, mtu wa kumi na mbili wa pazia lile alikuwa shemeji. Ndiyo, mumeo, uliyeniambia anazunguka mikoani kuuza pampu za maji. Amenyoa ndevu, amevaa miwani, na pasipoti inamwita jina nisilolijua, mzaliwa wa nchi ambayo hajaikanyaga. Nikajipa moyo kwamba watu hufanana. Alipofika kwenye tisa akakwama, "ti-ti-tisa", kama anavyokwama siku zote.

Hapa ndipo ninapoungama kwako. Nilibonyeza Kubali. Niliwafikiria wanao, nikampitisha kwa mkono wangu mwenyewe. Siku tatu zikapita. Leo asubuhi nimekwenda kwa wakaguzi wa serikali, nikawakabidhi picha zote kumi na mbili, nilizozichapisha kutoka kumbukumbu za benki. Hata yake sikuificha. Na nimewaambia ni mimi niliyempitisha.

Watakuja kwako wiki hii. Waambie unachokijua, usimfiche. Akikuletea karatasi utie sahihi, kataa. Akikuomba ukae mbele ya kamera, hata kwa dakika moja, usikae.

Ukinikasirikia nitaelewa, lakini niandikie, hata kama ni kunitukana. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Shemeji simtumii salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba