Uliwashwa, Nikasema Salfa

Mama Fatu, shoga yangu,

Nakusalimu. Mie mzima, mdomo nao mzima. Tangu uondoke sina wa kumaliza naye habari, zinanivimbia kifuani tu.

Mwanao Fatu alishika mimba, mwenzangu! Imefika miezi minane, huku watu wanapuliza mikorosho dawa ya salfa, akaanza kujikuna. Viganja na nyayo. Upele hana. Mama mkwe wake kule Makote akasema, "Salfa hiyo, kaoge." Na kweli salfa inawasha, vumbi lile la njano linaingia mpaka kusikoingia mtu.

Mie kusikia hivyo, moyo paa! Maana wewe ulipowashwa, nani alikwambia salfa? Si mimi? Umekaa kwenye mkeka unajikuna na gunzi la hindi, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, mie nakutania umekula salfa. Nawe ukajibu, "Basi mwaka huu ule ukungu wa ubwiri hautanishika, kama mikorosho iliyopulizwa!" Tukacheka. Tumecheka wiki ngapi, Mama Fatu? Unafika hospitali, daktari anasema njia ya nyongo imeziba siku nyingi.

Siku nyingi. Na mie nilikuwepo zote, mpaka ya kukuzika.

Basi nikapanda bodaboda mpaka Makote. Yule mama mkwe, kusikia nasema hospitali, akaniita mbea. Nikamwambia, "Haswaa, mbea, na mkweo namchukua." Nikampeleka Newala hospitali, wakamtoa damu. Nesi mmoja, mtoto wa watu, akanieleza polepole. Nyongo hii tunayoiogopa isipasuke tukichinja kuku, kumbe ndiyo sabuni ya tumboni, inaosha mafuta ya chakula. Isiposhuka inarudi kwenye damu, ndipo mtu anawashwa. Wewe njia iliziba. Kwa Fatu hakikuziba kitu, ni mimba yenyewe imeifanya isishuke vizuri. Mama anabaki na kujikuna tu, lakini mtoto anaweza kuzimikia humohumo tumboni, kimya, asiage mtu.

Wakamlaza. Dawa, na mapigo ya mtoto kusikilizwa kila siku. Siku moja wakaona wasingoje zaidi, wakamwanzishia uchungu kabla ya siku zake. Mie nje kwenye benchi. Mama mkwe naye alikuja, akakaa pembeni yangu, akanisemesha, sikumjibu hata neno. Mie! Sijawahi.

Kitoto kikalia, mwenzangu. Kidogo, cha kiume, kina pua yako ile bapa, unisamehe. Mwasho nao ukamwacha Fatu baada ya siku chache.

Juzi nimemwambia yote. Kwamba mama yake aliwashwa, mie nikasema salfa, nikamchekesha mpaka akachelewa hospitali. Mie naangalia kanga yangu. Halafu akaniwekea mtoto mapajani, akaenda kuoga.

Nesi amesema mimba nyingine mwasho unaweza kurudi. Basi nakuahidi, siku Fatu akijikuna kidole tu, mie niko mlangoni kwake na bodaboda inanguruma. Na mjamzito yeyote wa hapa kwetu Kitangari nitakayemwona anajikuna, nitamtangaza mpaka aende hospitali, wakiniita mbea waniite.

Pumzika, Mama Fatu. Mungu akupe nafasi pana na majirani wacheshi. Mwanao ninaye.

Mimi wako,
Mama Hamisi