Muuzaji Hana Hiari

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya duka la dawa,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkubwa. U hali gani? Kile kikohozi ulichonitajia kimepona, au bado unakitibu kwa kukipuuza kama ulivyozoea? Na kiganja je? Ulisema cheche za kuchomelea zilikuunguza. Paka dawa na uvae glovu, usiwaonee aibu wenzako darasani. Hakuna aliyewahi kupewa cheti kwa wingi wa makovu.

Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Shemeji yako bado anaendesha lile gari la maji na anarudi jioni amelowa mpaka soksi. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele, basi siku hizi anacheka kajiziba mdomo na mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaendelea kula.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Najua utashangaa kwa nini nakujibu kwa karatasi wakati simu zipo. Nimekupigia mara tatu, mdogo wangu. Kila ukipokea nasikia sauti yako ilivyochangamka, naishia kukuuliza habari za mvua. Kwenye simu mimi nadanganya vizuri mno. Kwa hiyo nimeketi kuandika, na jirani yetu muuguzi, anayesafiri kuja huko Jumamosi, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Uliniuliza kozi ipi ya hii mikataba ya hisa inafaa, ya huyo anayejiita Kocha au nyingine. Ukasema Kocha ameshakuwekea nafasi, unatakiwa kulipa kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba utaacha mafunzo ya uchomeleaji kwa sababu karo yake ndiyo utakayompa. Umebakiza miezi minne upate cheti! Nilipoufikia mstari ule nilishindwa hata kutia uzi kwenye sindano.

Usimlipe. Nimeliandika mapema ili hata barua ikikuchosha njiani, neno hilo uwe umelipata. Sasa tafuta pa kukaa nikueleze, maana mwanzo wa haya yote ni mimi.

Katika barua yangu ya Machi nilijigamba kwamba siku hizi napata pesa cherehani ikiwa imelala. Ilikuwa kweli, kwa muda wa wiki sita. Sikukuambia kwamba kulikuwa na kozi mbili mbele yangu, nikaiacha nzuri nikakimbilia mbaya.

Nilianzia kwa mzee mmoja mstaafu wa benki. Alifundishia kwenye chumba cha juu ya duka la vifaa vya ofisini: madawati sita, ubao mweusi, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Mimi ndiye niliyembandika jina la Mwalimu Chaki, maana hata nyusi zake zilikuwa nyeupe, na si kwa uzee. Somo la kwanza hakutaja faida hata mara moja. Alituambia tufungue daftari tuandike juu ya ukurasa, "Ninachoweza kupoteza." Somo la pili likawa lile lile. Miezi mitatu, akasema, tutanunua na kuuza kwenye karatasi tu, bila kutoa hata senti. Nikamnong'oneza fundi viatu, tuliyekaa naye dawati moja, kwamba huyu mzee anatufundisha kuogelea mkekani. Akacheka mpaka mwalimu akageuka.

Wiki hiyohiyo mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akanionyesha kwenye simu mafunzo ya Kocha. Wiki mbili, cheti chenye muhuri, faida ya uhakika. Kocha alikuwa na suti nzuri, na wewe wajua udhaifu wangu kwa suti iliyokaa begani. Na Kiswahili chake! Kila kitu alikipa jina linaloeleweka. Ile mikataba aliiita mikataba ya hiari, na juu ya kundi lake la wasapu akaandika kwa herufi kubwa: HIARI YASHINDA UTUMWA. Nimeshona sare za shule miaka kumi na tisa, naamriwa urefu wa sketi na kila mwalimu mkuu anayehamia. Methali ile ilinikuna hasa.

Nikamwacha mzee baada ya masomo mawili. Na unanijua, siondoki peke yangu. Nilisimama pale ngazini nikawahubiria wenzangu, fundi viatu akanifuata kwa Kocha, na wengine watatu wakaacha masomo wakarudi makwao. Darasa zima lilikuwa na watu saba.

Nikueleze biashara yenyewe kama ambavyo ningepaswa kuelezwa mimi. Mtu ana hisa zake na anaogopa zitashuka bei. Anakulipa ada ndogo leo, nawe unamwahidi kwamba mpaka tarehe fulani, akitaka, utazinunua kwa bei mliyokubaliana. Zikipanda, hakutafuti, ada umekula. Zikishuka, anakuletea, nawe unazinunua kwa bei ileile ya makubaliano hata kama sokoni zinauzwa nusu yake. Mwenye hiari ni yule aliyelipa ada. Wewe uliyeiuza ahadi na kuipokea ada huna hiari yoyote.

Mimi sikujua hivyo. Kocha alitufundisha kuuza ahadi hizo na kupokea ada, akasema ni kama kupokea kodi ya nyumba isiyo na mpangaji. Nami niliposikia mkataba wa hiari nikaelewa kwamba hiari ni ya pande zote mbili, kama ilivyo hiari ninayoijua. Mteja akiniletea kitambaa kibovu nakataa, naye akiona bei yangu kali anaondoka, hakuna ugomvi. Basi nikadhani siku mambo yakiharibika nitasema asante, sitaki. Cheka ukitaka. Mama alicheka, kisha akaacha kucheka.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, natia lastiki kwenye kaptula. Kampuni yenye zile hisa ilikuwa imetoa taarifa mbaya ya mapato, bei ikaporomoka, na ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kwamba nimekabidhiwa hisa na dhamana yangu, zile pesa nilizoziweka kama amana ya kutimiza ahadi, imechukuliwa. Unajua nilifanya nini? Nilitafuta mahali pa kubonyeza "Kataa". Nilipekua ukurasa ule juu mpaka chini, nikazima simu nikaiwasha, nikaazima miwani ya Mama. Mwishowe nikampigia Kocha. Akanijibu kwa upole, "Dada yangu, soko ni soko." Kisha akanitumia bei ya mafunzo ya ngazi ya pili.

Akiba tuliyokuwa tukiiweka mimi na shemeji yako, ya kukodi chumba cha duka kule mbele barabarani, ilikwenda yote. Haikutosha, nikauza na mashine ya ovaloki. Sasa pindo za sare nazifunga kwa mkono, vidole vimekuwa vigumu, na wateja wameanza kunung'unika kwamba nachelewesha. Shemeji yako hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hukuuliza mtu?" Kisha akaenda kuoga. Nilitamani sana anigombeze.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtafuta Mwalimu Chaki. Chumba kile kimejazwa maboksi ya karatasi. Watu wawili waliobaki hawakutosha kulipa pango, darasa likafungwa. Kwa hiyo hata hilo ni kazi ya mdomo wangu. Nilimkuta nyumbani kwake anamwagilia nyanya alizopanda kwenye makopo ya rangi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Hilo la muuzaji lilikuwa somo la tatu, mama," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuanza nalo.

"Ningeanza nalo, ungebaki?"

Akaniletea kigoda, akanifundisha somo hilo palepale kwa mfano wa jora la kitambaa, dakika ishirini, nikaelewa. Dakika ishirini, mdogo wangu! Nimelipia ujinga wangu mashine na akiba ya miaka minne, na elimu yenyewe niliikimbia nikiwa nimeshaketi dawatini.

Basi ukiniuliza kozi ipi, nakujibu hivi. Kama kweli unapenda kujifunza jambo hili, maliza kwanza uchomeleaji, halafu tafuta mwalimu anayekuchosha. Muulize siku ya kwanza, "Nikikosea, nitapoteza kiasi gani, na nani atanidai?" Akianza kukuonyesha picha za gari, toka. Muulize pia amepata hasara lini mara ya mwisho. Mwalimu Chaki alitusimulia hasara zake mpaka tukaona aibu kwa niaba yake, na mimi nikadhani huo ni udhaifu. Akubali ujaribu kwenye karatasi kwa miezi, bila kukuharakisha kwa tarehe ya mwisho ya kulipa, maana soko litakuwepo hata mwakani. Na umchunguze sana mtu anayekusifia kozi. Anapata nini ukijiunga?

Hapo ndipo penye mwiba, na nimezunguka kurasa zote hizi kwa kuogopa kufika.

Mwezi wa tatu Kocha alitangaza kwamba atakayemletea watu watatu wakalipa, atasoma ngazi ya pili bure. Kumbe hata yule mteja wa gauni alinileta mimi kwa hesabu kama hiyo, iliyotangazwa kabla sijajiunga. Mtu wangu wa kwanza alikuwa fundi viatu. Wa pili, mwenye saluni hapa jirani. Wa tatu nilikutaja wewe. Namba yako ya simu nilimpa mimi, na jina lako, na habari kwamba una kipato kidogo na unahangaika. Sikukuomba ruhusa. Uliniandikia, "Sijui Kocha alinipataje, Dada, labda ndiyo riziki yangu." Alikupata kwangu. Ile barua ya majigambo niliiandika siku ileile niliyompa namba yako, ili akikupigia akukute umeiva.

Na kuna baya zaidi. Hasara yangu iliingia mwanzoni mwa Mei. Sikukuambia mwezi mzima, si kwa aibu tu. Nilikuwa bado naamini ngazi ya pili itanirudishia mashine yangu, na ngazi ya pili ilikuwa imekwama kwenye mtu wa tatu. Mdogo wangu, nilikuwa nasubiri ulipe.

Nilisubiri hivyo mpaka barua yako ilipotaja karo. Nilikuwa nimejiambia utatoa akiba, kitu cha ziada, kitu ambacho hutakihisi. Nilipoona kwamba unataka kutoa kazi ya mikono yako, ndipo nilipojiona nilivyo. Mimi niliyekubeba mgongoni, niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, nilikuwa nimekuweka kwenye hesabu.

Kwenye kundi la Kocha nimetoka. Nilimweleza mwenye saluni ukweli, akalia mbele ya wateja wake, nami nikaondoka na nywele zangu hazijasukwa upande mmoja. Fundi viatu hanisalimii. Viatu vya mpwa wako sasa navipeleka mtaa wa pili, na kila nikipita kibandani kwake nageuza uso kabla yeye hajaugeuza wake.

Sitakuomba unijibu upesi. Kasirika kwanza, una haki, na usinifichie kwa adabu kwa kuwa mimi ni mkubwa. Kama ulishamlipa, nijulishe kwa ujumbe mfupi tu, neno moja linatosha, nami nitatafuta namna ya kuirudisha karo yako hata kama ni kwa kuuza cherehani hii iliyobaki. Ila darasani usitoke.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema ukirudi utamtengenezea geti. Mpwa wako anauliza kama mjomba bado ana meno yote. Mama anakubariki, anakuombea macho yako yasidhurike na ule mwanga na mikono yako irudi mizima kila jioni. Yote niliyoyaandika mpaka hapo juu nilimsomea jana, pamoja na sehemu ile ya watu watatu. Akasema, "Mwambie amalize masomo," na tangu hapo hajanisemesha. Chai yangu asubuhi ya leo nimeinywa peke yangu.

Mwenyezi Mungu akulinde kazini na barabarani, na akuepushe na watu wanaokupenda huku wakikuhesabu. Ukishindwa kunisamehe, nitavumilia hata kama ni miaka. Lakini kesho asubuhi amka, vaa ovaroli yako, nenda darasani.

Ni mimi nikupendaye, hata kama leo hupendi kulisikia neno hilo kutoka kwangu,

Dada yako mkubwa, fundi wa sare.