Vipele Saba vya Bibi, Vimebaki Sita

Anti Kuruthumu, shikamoo. Hili sijamwambia hata padri: kovu lililo kwenye paji langu la uso halikutokana na mafuta ya maandazi. Nimelifanya mwenyewe.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Kibondo nasubiri matokeo, na kwenye paji la uso nilikuwa na vipele saba vidogo, laini, vya manjano kidogo, kila kimoja kina kishimo katikati kama kitovu cha mtoto, haviumi wala haviwashi, na baba anavyo, na bibi yangu kule Burundi alikuwa navyo. Shida ni kwamba kwetu vinapendwa. Baba na baba mdogo walipotezana wakiwa watoto, wakaja kukutana kambi ya wakimbizi ya Nduta, baba akishusha magunia ya mgao, na baba mdogo aliyekuwa kwenye foleni akamkodolea macho halafu akapiga kelele, "Wewe! Hilo paji ni la mama!" wakakumbatiana wakilia huku gunia limepasuka na unga umewajaa. Tangu siku hiyo, baba mdogo akipata kibali cha kutoka kambini anakuja kwetu, na kabla hata ya kunywa maji ananishika kichwa na kuhesabu kwa kidole, kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, mpaka saba, halafu anawatangazia waliopo, "Cheti chetu kiko salama!"

Sasa nimepata kazi Kasulu, duka la vipodozi la Bi Faudhia, lakini aliponiona alisema, "Mwanangu, sura unayo, ila wateja watadhani hivyo vimeletwa na losheni zangu." Niliona aibu, nikarudi nyumbani nikatwanga kitunguu saumu, nikakibandika juu ya kipele kimoja kwa plasta nikalala nacho, mdogo wangu Aline tunayelala kitanda kimoja akauliza, "Dada, leo umejipaka mchuzi?" na asubuhi plasta ikatoka na ngozi. Mama alipouliza nikasema mafuta ya maandazi yameniruka. Basi mama akanikataza kukaanga, Aline anakaanga peke yake na ameninunia, na baba mdogo aliposikia kwenye simu akanichongea mwiko mrefu kama mkono wangu, akautuma na maneno haya: "Ili mafuta yasimfikie tena mtoto wetu." Kila nikiutazama huo mwiko natamani ardhi inimeze.

Abbasi, mwenye saluni jirani na duka, ana kalamu ya umeme, anasema sita vilivyobaki atavichoma kwa dakika kumi. Baba mdogo anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao na kazi inaanza kesho yake. Je, nivichome vyote kabla hajahesabu, au niiache kazi? Tafadhali usitaje jina langu.

Binti wa Kibondo

*

Marahaba, binti, na pole. Kitunguu saumu kirudi jikoni leo hii. Kinaunguza ngozi kama kaa la moto, na ushahidi unao usoni.

Kwa ulivyoeleza, na kwa kuwa ni vya ukoo, huenda ni tezi za mafuta za ngozi zilizokua kupita kawaida. Haziambukizi wala si uchafu. Lakini mimi nimesoma barua, sijaona paji. Nenda hospitali, uliza siku ambayo daktari wa ngozi anapatikana, avikague pamoja na hilo kovu. Kipele kinachokua haraka, kinachotoka damu au kisichopona kinaweza kuwa kitu kingine kabisa, usibahatishe.

Akithibitisha, unaweza kuviacha tu, maana havina madhara. Ukitaka vipungue, kuna krimu za kupaka usiku kwa miezi, anazoandika daktari mwenyewe. Kuna kuvigandisha kwa baridi kali, kuna kuvichoma kwa umeme, na kwenye hospitali kubwa kuna mwanga wa leza. Vyote hivyo vinaweza kuacha alama nyeusi kwenye ngozi kama yetu, na vipele huweza kurudi. Ndiyo maana kalamu ya Abbasi ikae mbali nawe. Muulize alisomea wapi ngozi, uone atakavyoanza kufuta meza.

Bi Faudhia mwambie kwa adabu kwamba vipele hivyo vilikuwepo kabla duka lake halijafunguliwa. Kazi usiiache.

Sasa mwiko. Hapo umenichekesha na kunikasirisha. Kesho alfajiri shika huo mwiko ukaange maandazi wewe, Aline alale. Mama mwambie ukweli kabla mafuta hayajapoa. Jumapili hiyo usifunge kilemba. Baba mdogo akikushika kichwa, mwache ahesabu, na akifika sita, cha saba umtajie mwenyewe. Atafoka. Mwache afoke. Alimtafuta ndugu miaka yote hiyo, hawezi kumtupa binti kwa kipele kimoja. Baada ya hapo, ukiamua na daktari kuviondoa vilivyobaki, viondoe mchana kweupe. Uso ni wako.

Na kwa kuwa umenipa siri, chukua yangu. Hiyo picha yangu hapo juu, yenye uso laini kama yai, si ya kweli. Nina vitatu pembeni ya pua. Mpiga picha alivifuta kwenye kompyuta, nami nikajifanya sikuona.

Wewe msomaji uliyechungulia barua isiyokuhusu mpaka hapa: ukimjua huko Nduta mzee anayechonga miiko mirefu, usimwambie neno mpaka binti amwambie mwenyewe. Na habari ya pua yangu usimwambie mtu kabisa.