Meza Ndefu ya Kukaushia Kakao

Ikolo, Kyela
14 Mei 2025

Mpendwa wifi Mercy,

Ugonile? Natumaini mmeamka salama huko Bukoba, na kifua cha mtoto kimetulia. Sisi tu wazima. Mguu wa mama umepungua uvimbe. Mvua haijakata tangu Pasaka, na nyumba nzima inanuka kuvu.

Kuvu ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Kakao ya kikundi chetu cha wakulima imeharibika. Ile meza mpya ya mita kumi na mbili imekausha upande wa feni tu. Kuanzia katikati hadi mwisho mbegu zilibaki na maji, zikaota kuvu. Ni mavuno ya kila kaya ya kikundi, ya mama yakiwemo.

Unakumbuka nilivyokueleza mwezi Machi, kabla fundi hajapiga msumari hata mmoja. Jambo hilo ndilo nililoliandikia tasnifu chuoni, nikalipigia hesabu upya kwa ajili ya meza ile. Hewa inayogusa mbegu haiendi. Inashikamana nazo, na ile iliyo juu yake inajikokota. Feni ikiwa dhaifu, tabaka hilo hunenepa kadiri upepo unavyosafiri juu ya meza, na joto hupenya kwa shida. Dawa ilikuwa kuikata meza vipande vinne na kuviachanisha, ili kwenye kila kipande tabaka lianze upya likiwa jembamba. Msumeno tu, wifi.

Mimi nisingeweza kumwambia baba. Umezaliwa nyumba ile. Unajua mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akija ofisini kama mwenyekiti wa kikundi, mimi karani natokea mlango wa nyuma, na maagizo yake naletewa na Angetile, mpimaji wa mizani. Nilimwomba Angetile anifikishie neno. Akacheka: "Karani, nikamfundishe mwenyekiti upepo?" Mume wangu Israeli naye, kabla hajavuka mpaka na mchele wake kwenda Karonga, alisema hawezi kumwambia baba yake kwamba mke wa Israeli anajua kuliko yeye. Ukabaki wewe, kifungua mimba, unayesikilizwa.

Ukanipigia: "Tulia, wifi. Nimeshamwambia, amesikia." Nikakushukuru, ndaga fijo, nikalala usingizi. Fundi alipounga meza ndefu, nilidhani baba amepima mwenyewe na kuamua.

Juzi Jumatatu baba alisimama kwenye banda la kukaushia, mimi niko nyuma ya mlango. Akasema kwa sauti ya kunifikia: "Angetile, yule msomi wetu hakuona hili?" Akaendelea: "Na kama aliona, mbona sikuletewa neno?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalitafuna.

Jioni mama akanieleza kwamba ulipompigia baba mwezi ule mliongea habari za viatu vya mtoto na mchele wa kutumiwa. Meza hukuitaja.

Sasa wanasema nilikuwa nazima feni kubana umeme, kwa kuwa ufunguo wa banda ninao mimi. Jumamosi ya tarehe 24 wanachama wanakutana. Wapo wanaotaka nipelekwe polisi, na wapo wanaotaka nirudishwe kwetu Njisi. Nikisikia pikipiki uani, nachungulia kwanza dirishani. Simu zangu hupokei, ndiyo maana natuma barua hii kwa basi.

Sikuombi unihurumie. Mpigie baba, umwambie kwamba nilikutuma na hukufikisha. Ukifanya hivyo nitabaki nyuma ya mlango, kama inavyonipasa. Usipofanya, nitaingia mkutanoni, nimtazame baba usoni na kumweleza mwenyewe mbele ya watu. Baada ya hapo sijui nitaingiaje tena jikoni kwa mama yako. Lakini jela siendi kwa ajili ya viatu.

Msalimie shemeji Joshua, umbusu mtoto. Queen na Amon wanauliza shangazi atakuja lini.

Mungu awalinde huko ziwani kwenu, na simu yako isiishiwe chaji hadi Jumamosi ile.

Ningali wifi yako,
Sekela