Mayai Kwenye Kiti cha Arlene

Alhamisi, 1 Oktoba 2015

Wiki ya tatu tangu tuondoke Missouri. Tuliondoka wawili, nimefika mmoja.

Mavuno ya viazisukari, vile vya kutengenezea sukari, yameanza leo hapa kwenye kituo cha kupokelea viazi. Malori yanamwaga, mtambo unarusha viazi juu ya lundo, mimi niko chini na koleo, nakwangua tope. Nilidhani mwaka jana ndio ulikuwa wa mwisho. Mwaka juzi pia nilidhani hivyo. Jioni naingia ndani, navua buti, nasema "nimerudi." Tabia tu. Hakuna wa kujibu.

Arlene alishuka njiani, mjini Sioux Falls. Hatukugombana — afadhali tungegombana. Barabara ya zege, kila kiungo kinagonga pua ya gari kama nyundo, naye anashika mgongo wake uliopasuliwa. Tukasimama kuweka mafuta. Akachukua mkoba na mto wake. "Wendell," akasema, "wewe nimekuvumilia miaka thelathini na nane. Gari hili sikuliahidi kitu." Akapanda basi la kurudi Missouri, kwa dada yake Fern.

Nyumba tuliiuza masika. Gari hili ndilo nyumba: kitanda, jiko, choo, usukani. Kwa hiyo mke wangu hajashuka garini tu, amehama nyumbani. Amesema mavuno yakiisha atanipa jibu, kama anarudi au anabaki kwa Fern moja kwa moja. Fern ana chumba cha ziada. Fern ana kiti cha kulalia nyuma. Fern hana magurudumu.

Gari ni la mwaka 1989. Arlene alilibatiza Shemasi, kwa sababu haliinami kwa mtu, na kila shimo linakukumbusha dhambi zako.

Jumamosi, 3 Oktoba

Joto! Joto likizidi, kazi inasimama, maana viazi vikilundikwa na joto vinaoza. Kambi nzima imekaa bure. Na kambi ya wanaume waliokaa bure na magari mabovu ni hospitali yenye madaktari tupu.

Daktari mkuu ni jirani yangu, Boyd Pickett wa Texas. Kila asubuhi anazunguka na rungu lake, anagonga tairi za kambi nzima, zake na za wengine, na kusikiliza. Mlio mkavu, anafurahi. Mlio mzito, yaani upepo umepungua, anagonga mlango wako hata kama uko chooni. Hakuna aliyemtuma. Watu wanamshukuru.

Alilala chini ya Shemasi nusu saa. Miguu tu ndiyo inaonekana. Akatoka na hukumu: "Shokapu, kaka. Zimekufa. Umekuwa ukiendesha maiti."

Gari lake mwenyewe liko juu ya matofali. Halijasogea tangu mwaka juzi. Mganga hajigangi.

Jumatatu, 5 Oktoba

Shokapu mpya zimefungwa. Nilimpigia Arlene kumwambia. Akauliza: "Nitajuaje?"

Nikasema niamini.

"Mimi ni wa Missouri, Wendell, na sisi hatuamini mpaka tuone. Nionyeshe." Akafikiri. Nilimsikia Fern nyuma yake akicheka. "Weka mayai kwenye kiti changu. Sita, kwenye bakuli la pai. Vuka reli ile ya hapo kituoni. Yakifika mazima, tutazungumza."

Nimeweka. Nimevuka. Chakula cha jioni: mayai ya kuvuruga.

Alhamisi, 8 Oktoba

Boyd kagundua ugonjwa mpya: bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari. Tumebadilisha bushi. Mayai ya kuvuruga.

Boyd ana ugonjwa mwingine: mifuko ya mpira iliyo ndani ya springi za mbele. "Ijaze upepo zaidi, kaka, ikubebe kama godoro." Nimejaza. Nikavuka reli. Godoro gani! Meno yamegongana, mlango wa kabati umefunguka, kopo la maharage limenipiga kisogoni. Mayai mawili yameruka mpaka kwenye kioo.

Nikarudisha mifuko ilivyokuwa. Arlene kapiga simu. "Vipi?" Nikasema nashiba vizuri. Hakucheka. Alisema Fern amempa ufunguo wake mwenyewe wa mlango. Alisema kama habari ya hali ya hewa tu.

Sikulala vizuri. Kitanda kina nafasi kubwa mno.

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua. Malori hayaingii shambani. Kituo kimya.

Asubuhi nilifanya ninachofanya kila siku ya Mungu, kabla ya kahawa: nilipima tairi zote sita na kuzijaza mpaka namba ile kubwa iliyochorwa ubavuni. Baba alinifundisha hivyo. Mimi si mtu wa kupuuza tairi.

Kisha nikampelekea maji Bi Inga Torgerson, mama wa hapa hapa anayekaa kwenye kibanda cha mizani na kupima malori. Alikuwa anafuma, hana lori la kupima. Kanipa mkate mwembamba wa viazi mviringo, una siagi na sukari. Nikamweleza habari za mayai. Alicheka mpaka sindano ikaanguka.

"Wewe wa Missouri, Shemasi wako ana uzito gani?"

Nikasema mzito.

"Mzito! Lori la viazi likiniambia 'mzito' nalirudisha shambani. Mlete hapa."

Basi nikampandisha Shemasi mizanini kama lori la viazi. Magurudumu ya mbele peke yake. Kisha ya nyuma. Bi Inga akatoa kichwa dirishani. "Nyuma una kitambi. Mbele una njaa. Upepo unaweka kiasi gani?"

Nikamwambia. Kwa fahari, nakiri.

Akanitazama kama mtu anayetazama viazi vilivyooza. "Hiyo namba ni ya mzigo mkubwa kabisa ambao tairi inaweza kubeba. Lifti ikiandikwa watu kumi, unasubiri wengine tisa ndipo upande?"

Akampigia simu fundi wa tairi mjini. Fundi akaangalia uzito wetu kwenye jedwali la watengenezaji, akataja upepo wa mbele na wa nyuma. Wa mbele aliotaja ulikuwa pungufu ya ule ninaoweka mimi kwa karibu theluthi. Theluthi! Akasisitiza: nipime tairi zikiwa baridi, nisishuke chini ya hapo.

Kwa hiyo tairi zangu za mbele zilikuwa mawe. Na mimi, kila asubuhi, kwa uaminifu mkubwa, kabla ya kahawa, nimekuwa nikiupiga mgongo wa mke wangu kwa pampu.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimepunguza upepo kama alivyosema fundi. Nimevuka reli.

Mayai sita. MAZIMA!

Nikageuka, nikavuka tena. Mazima. Shemasi ameinama! Bi Inga alipiga honi ya kibandani, ile ya kuita malori.

Boyd alikuja mbio. "Nilikwambia, kaka! Shokapu zinahitaji siku chache zizoee." Sikumwambia habari ya upepo. Alilala kwenye tope kwa ajili yangu mara tatu. Mwache afurahi, haigharimu kitu.

Simu kwa Arlene. Nikamwambia sita, mara mbili.

"Yai halina mgongo, Wendell."

Nikasema najua.

"Njoo. Nitakaa kitini mpaka mwisho wa mtaa. Nikifika mwisho wa mtaa, nitakwambia kama tunaendelea." Kisha, polepole: "Unakula kitu kingine, au mayai tu?"

Nimecheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Saa nane mchana. Kituo cha mapumziko, kando ya barabara kuu, kusini mwa mji wa Fargo.

Lundo limejaa, jana wametuachia. Asubuhi baridi kali, umande umekuwa barafu. Bi Inga kanifungia mkate wake kwenye kitambaa. Boyd alinikumbatia, rungu mkononi. Akakonyeza jicho. "Nimekuachia kazawadi, kaka. Utakajua barabarani." Nikadhani ni soseji. Nilitafuta kwenye friji.

Nikaweka mayai kwenye kiti cha Arlene, nikafunga mkanda. Si jaribio tena. Nilitaka tu kufika nayo, nimwekee mezani pale kwa Fern, niseme, "Haya."

Tangu mwanzo niliona gari gumu. Nikajiambia ni baridi, mpira umekaza. Nikajiambia ni barabara. Nikajiambia ni mimi, uzee. Kisha daraja moja — puu! — na mayai yote yakaondoka bakulini pamoja, kama watu wanaotoka kanisani.

Nimesimama hapa, nimetoa kipimo. Tairi ya kwanza. Ya pili. Zote sita. Namba kubwa! Zimejazwa mpaka juu, sawasawa, kazi safi ya mtu anayejua kazi. Boyd alizigonga alfajiri, nikiwa nimeshazipima na kwenda kwa Bi Inga, akasikia mlio mzito, akanionea huruma. Hakutaka nisafiri kwa mke wangu na tairi zilizolegea. Hiyo ndiyo soseji.

Nimesimama kando ya barabara na hasira, sina wa kumpa. Yule mzee alipiga pampu gizani kwenye barafu, kwa mikono yake. Na nani alimficha ukweli? Haigharimu kitu, nilisema.

Siwezi kupunguza sasa. Tairi zina moto wa barabara, na tairi ya moto inadanganya kipimo. Ukiipunguza sasa, ikipoa itakuwa chini mno. Fundi alilisema mara mbili. Kwa hiyo nasubiri. Nimesafisha kiti kwa taulo na sabuni ya vyombo. Ute wa yai umeingia kwenye mshono wa kitambaa. Kinanuka yai na ndimu. Dirisha liko wazi, napigwa baridi, nakula mkate wa Bi Inga.

Arlene ataketi pale. Atanusa. Nitasema nini? Nikimwambia ukweli, atasema kama tairi zinalindwa na rungu la Boyd, basi mgongo wake uko mikononi mwa Boyd. Nisipomwambia, atajua, maana hajawahi kukosa kujua. Nitamwambia. Nitamwambia kabla hajakaa, na kipimo nitampa yeye mkononi, ashike mwenyewe. Asubuhi awe anapima yeye.

Nimemwahidi Jumapili, wakitoka kanisani, nitakuwa mbele ya nyumba ya Fern na injini inanguruma. Jumapili bado inawezekana, tairi zikipoa kabla ya jua kuzama na nisiendeshe kama mwehu.

Nimetoka kugusa ya mbele kulia, upande wake. Vuguvugu. Bado.