Wifi Anataka Kutuma Kazi Yangu kwa Jina Lake

Mpendwa mshauri, naandika mtoto akiwa mgongoni, mwandiko ukiyumba nivumilie, ila nisaidie. Shule niliishia ya msingi, lakini najifunza kutengeneza kurasa za mtandaoni kwa kompyuta ya wifi yangu, dada wa mume wangu, sisemi ile ya intaneti, ingawa zote mbili hukata zinapotaka, na kwenye programu ya kuandikia kodi, yaani maagizo ya kompyuta, nimeweka kiendelezi, kiprogramu cha nyongeza kinachonieleza makosa yangu kwa Kiswahili, sasa siku moja nikakosea, kikaniandikia, "Mtoto huyu hana mzazi." Mshauri, nilijibu kwa sauti, "Na mimi hapa ni nani?" Kumbe kinasema kipande kimoja cha kodi hakijawekwa ndani ya kingine! Nikawaandikia wanaokitengeneza kwamba maneno hayo yanatuchanganya sisi tunaoanza, wakajibu vizuri sana, sahihisha mwenyewe, ujaribu, kikifanya kazi tutumie, na jina lako litaingia kati ya waliokijenga. Nilimbusu mtoto mpaka akalia. Basi nimepakua kodi yao, nimesakinisha vinavyotakiwa, maonyo ya njano yakamiminika nikayavumilia, nimebadilisha yale maneno, nimebonyeza kitufe cha kujaribu, likafunguka dirisha jingine tupu, nikalifunga, nikarudi kwenye kazi yangu, bado mtoto hana mzazi! Nimerudia mpaka nimechoka. Wifi akacheka, "Wifi, hiyo si nepi, nipe niitume kwa jina langu yaishe." Mume wangu naye, "Mpe tu, si nyumba ni moja?" Nimpe? Mimi sijawahi kuona jina langu kwenye kitu nilichokitengeneza.

Mama Mwenye Hamu

Mama, usimpe. Ila kwanza nikugombeze: lile dirisha tupu ulilolifunga ndilo la majaribio! Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa ofisini, akashika kichwa, akakiri kwamba naye alipoanza alilifunga vilevile. Dirisha la kwanza bado linatumia kiendelezi cha zamani, marekebisho yako yamo kwenye la pili. Umemshonea mtoto nguo mpya, halafu unamkagua mwenzake aliyevaa kuukuu. Liache wazi, fungua humo ukurasa wenye kosa lilelile, usome. Ukibadilisha neno tena, lipakie upya dirisha hilo. Likigoma, nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, uwatumie wale waliokualika. Hawakukuita ili wakucheke.

Wifi kukuazima kompyuta ni wema, mshukuru kwa moyo. Lakini kosa uliliona wewe na maneno umeyatafuta wewe. Na wewe baba, najua unasoma hapa: nyumba ni moja, majina ni mawili. Mpokee mtoto, mwenzako afanye kazi.

Mama, futa machozi. Ukiona tu maneno yako yametokea, tuma siku hiyohiyo. Wifi akiuliza, mjibu kwa upole, "Asante kwa kompyuta, wifi. Jina ninalo."