Hakuna Aliyenivunja Taya

Hapana, Mama, sikuvunjwa taya! Jana simu ilikatika kabla sijamaliza, na Mjomba Assumani alikuwa akipiga kelele nyuma yako. Ndiyo maana ninaandika. Mgongo wako umepoa? Mimi ni mzima, bado nina furaha yangu ya bibi-arusi, lakini leo nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Unalikumbuka gego langu lililong'olewa nikiwa shuleni hapo Kasongo. Jino la nyuma yake limelala, nikitafuna naumia. Amisi wangu aliona ninakula upande mmoja. Miaka yote hakuna aliyeona, Mama, ila yeye! Akanipeleka kwa daktari wa meno hapa Bukavu. Ili lile jino lisimame, wanakaza visi, skrubu ndogo kama punje ya mchele, ndani ya mfupa wa taya, kisha kampira kanalivuta polepole.

Daktari yule hakuchukua hata picha ya mfupa. "Wewe mutu muzima, mufupa yako iko nguvu," akasema, akaikaza mahali ambapo mfupa ni mwembamba. Ikalegea, shavu likavimba. Nilipolalamika akacheka: "Unatafuna sana mihogo, mama." Amisi alinishika mkono, tukatoka. Daktari wa pili, mwanamke, alichukua picha, akapima unene wa mfupa, akakaza nyingine nyuma kidogo, penye mfupa mnene. Hiyo imeshika. Na Amisi alinipikia uji, akaupoza kwa pumzi yake!

Kumbe ile picha niliyowatumia, nacheka na shavu limevimba, ndiyo imeleta balaa. Na jana nilitaja visi kabla simu haijakatika; kwa Mjomba, visi mfupani ni ya watu waliovunjika kwa pikipiki. Basi anatangaza mbele ya majirani: "Nilikataa mukwe wa kutoka Kabambare! Muone, amemupiga mutoto." Tena anadai mbuzi wa faini! Amisi alisikia yote kwenye simu. Aliniuliza neno moja tu: "Na Mama anaamini?" Ndipo nikachukua kalamu.

Nisalimie Dada Mwamini, akusomee barua hii kwa sauti Mjomba akiwepo. Nisalimie pia Shangazi anayeuza samaki wa Nyangwe, na Bibi aliyenifunga kilemba siku ya ndoa.

Kabla mwezi haujaisha tunakuja, bila mbuzi. Nitafungua kinywa Mjomba aione visi kwa macho yake. Lakini mlangoni nataka nikukute wewe, Mama, na umpokee Amisi wangu kabla hujanipokea mimi.

Binti yako,
Zaina wa Amisi